Mabao ya Kete ya Nyanda za Juu: Lipi la Kuchezea, Lipi la Kutundika Ukutani

Bao la kete linapimwa kwa kiganja. Ingiza vidole vinne kwenye shimo uzoe kete zote kwa mkupuo mmoja. Zikibaki mbili chini kwa sababu shimo ni jembamba au limechimbwa wima kama kikombe, bao hilo halichezeki, hata likiwa na twiga wawili wamenakshiwa pembeni. Kwa kipimo hicho mabao mengi yanayouzwa Mbeya, Iringa, Mafinga na Njombe yanashindwa, na machache yanapita vizuri kabisa. Yamepitiwa hapa kwa makundi: bao zima la mninga, bao la kukunja lenye bawaba, na bao la paina. Kete nazo zimo, maana bao zuri lenye kete mbaya ni kama ngoma isiyokazwa.

Mchezo wenyewe ni bao la Kiswahili: safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32 na kete 64. Ubao wenye safu mbili za mashimo sita na ghala mbili kubwa kwenye ncha ni wa mchezo mwingine. Muuzaji akisema "hayo yote ni mabao tu", mshukuru uendelee na safari yako.

Kabla ya kuuliza bei, tafuta nyumba. Nyumba ni lile shimo la mraba kwenye safu ya mbele, la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako. Mwenzako aliyeketi upande wa pili naye anahesabu kutoka kushoto kwake, kwa hiyo nyumba mbili hazitazamani uso kwa uso. Zinapishana kwa shimo moja na kugusana kwa pembe. Wachongaji wasiocheza hukosea hapa mara nyingi: wanaziweka zikitazamana, kwa kuwa jicho linapenda ulinganifu. Bao la namna hiyo linampa mmoja wenu nyumba ya nne badala ya tano. Mchezo unaanza kwa kete 6 nyumbani na mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, huku 22 zikibaki mkononi. Nyumba ikikosewa, hata mpangilio wa mwanzo unavurugika. Afadhali bao lisilo na mraba wowote, la mashimo yote ya duara. Hilo unalisahihisha kwa penseli na patasi kwa nusu saa.

Kipimo cha pili ni ujazo. Wakati wa namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, kete zinaingia moja moja kutoka mkononi, na nyumba inayolindwa vizuri hunenepa. Kete 15 ni jambo la kawaida, na 20 hutokea. Nyumba yenye upana wa sentimita 6 kila upande na kina cha sentimita 3 inabeba kete 20 za komwe, mbegu ngumu za mkomwe, bila kumwaga. Ikiwa na kina cha sentimita 2 tu, kete zinaanza kuporomokea shimo la jirani, na hapo ndipo ugomvi unapozuka: hii ilikuwa yako au yangu? Mashimo ya kawaida yanahitaji kipenyo cha sentimita 5.5 hivi na kina cha 2.5, yakiwa na umbo la bakuli. Nenda sokoni na kete kumi mfukoni. Zijaze katika shimo lolote la duara, kisha utikise bao kidogo. Ikimwagika hata moja, rudisha.

Bao zima la mninga

Hili ndilo bora, na sababu inaeleweka. Mninga ni mti wa miombo, na mbao yake inasifika kwa kutulia: ikishakauka, haitanuki wala kusinyaa sana majira yanapobadilika. Huku kwetu sifa hiyo ina uzito wake. Mbeya na Njombe mvua zinanyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha Juni hadi Agosti hewa inakuwa baridi na kavu, upepo unapiga. Mbao isiyotulia inanywa unyevu miezi sita na kuutema miezi sita, na mwisho wake ni ufa.

Ufa wa bao karibu kila mara huanzia kwenye ncha za ubao, kwa sababu huko nyuzi za mbao zimekatwa wazi na unyevu unatoka haraka kuliko kwingine. Sasa tazama kilichopo kwenye ncha hizo: vichwa, yaani mashimo ya mwisho ya safu ya mbele, kushoto na kulia. Kete zilizoliwa huanzia kichwani kutembezwa, kwa hiyo hilo ni shimo linaloguswa kuliko mengine yote. Ndiyo maana pambizo ya ncha isipungue sentimita 3 kutoka ukingo wa kichwa hadi mwisho wa ubao. Mchongaji anayebana mbao ataacha sentimita moja. Bao hilo litapasuka kichwani kabla ya mwaka kuisha, na ufa ukishaingia kwenye shimo, mchanga na uchafu vinajaa humo.

Geuza bao utazame ncha zake. Ukiona duara ndogo ndogo zinazozunguka kitovu, mbao imepasuliwa katikati ya gogo na ina moyo wa mti ndani yake. Itapasuka hata ukiipaka nini. Mistari iliyosimama au kulala kwa mshazari ni salama. Tazama pia rangi: mninga una kahawia ya dhahabu yenye mistari mekundu iliyokolea, na pembeni mwa gogo kuna sehemu nyeupe ya manjano. Sehemu hiyo nyeupe ndiyo wadudu wanayoipenda. Vitobo vidogo kama vya sindano pamoja na unga laini maana yake wageni wameshafika.

Kuna ulaghai unaofaa kujulikana. Mbao laini nyeupe hupakwa rangi ya viatu au vanishi nyeusi na kuuzwa kama mninga au mpingo. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti usugue upande wa chini, mahali pasipoonekana. Rangi ikitoka nyingi, umepata jibu. Wembe nao unatosha: kwaruza kidogo chini, na ndani pakiwa peupe kabisa, hiyo si mninga. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini; bao zima la mpingo ni nadra na halina haja, kwani uzito wake ni adhabu kwa anayelibeba.

Njia nzuri kuliko zote ni kuagiza kwa seremala wa milango. Karakana zinazotengeneza milango na vitanda vya mninga huwa na masalia ya inchi mbili yaliyokauka muda mrefu. Mpe vipimo kwenye karatasi: urefu sentimita 58, upana 29, unene 4.5, umbali kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya jingine 6.5. Mchoree na nyumba zote mbili. Usimwambie "nichongee bao" ukaondoka, maana atachonga lile alilowahi kuliona kwenye kibanda cha watalii. Mweleze pia asipake vanishi. Hiyo kazi utaifanya mwenyewe.

Alama: 9 kati ya 10. Moja imeondoka kwa ajili ya uzito, na kwa vumbi la mninga linalowasha pua na kubana kifua. Ukilipiga msasa nyumbani, vaa barakoa na ukae nje.

Bao la kukunja

Linavutia. Linafungwa kama begi, kete zinakaa ndani, linaingia kwenye mkoba wa basi. Wapenda michezo wanaobeba kila kitu pamoja, karata, drafti, dadu na nyuzi zao za kufuma, hulikimbilia hili kwanza, na ndilo linalowaudhi zaidi.

Tatizo la kwanza ni unene. Ili likikunjwa lisiwe zito, kila nusu huchongwa kwa mbao ya sentimita 2.5, na mashimo yanabaki na kina cha sentimita 1.5. Kete nne zinakaa, ya tano inapanda juu, ya saba inaanguka. Tatizo la pili ni bawaba. Mengi yanakunjwa kwa urefu, mkunjo ukipita katikati ya safu mbili za mbele, pale hasa mikono inapokutana wakati wa kula. Bawaba ndogo za skrubu fupi zinalegea, nusu moja inainuka kwa milimita mbili, na kila unapozoa vidole vinagonga ukingo. Yanayokunjwa kwa upana, mashimo manne kila nusu, ni imara zaidi kwa mchezo, ila ufa wa mkunjo unapita katikati ya shimo la nne na la tano, kwa hiyo nyumba inakosa ukuta imara upande mmoja.

Ukishalinunua, linaokoleka. Toa skrubu zote, jaza matundu kwa njiti ya kiberiti iliyochovywa gundi nyeupe ya mbao, acha usiku mzima, kisha rudisha bawaba kwa skrubu ndefu kidogo. Hakikisha haifiki uso wa pili: kwenye mbao ya sentimita 2.5, skrubu ya sentimita 1.5 inatosha. Bandika vipande vya mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli chini ya pembe nne na katikati, ili nusu zote mbili zilale sawa mezani. Hilo la mpira lifanye hata kwa bao zima. Linapunguza kelele na bao haliteleziteleza juu ya meza.

Alama: 4. Zawadi ya kumpa mtu asiyecheza, sawa. Kwa mchezaji, hapana.

Bao la paina

Hapa ndipo fundi wa nyumbani anapofaidi. Mufindi kuna msitu wa kupandwa wa Sao Hill, na mbao za paina zinapatikana Mafinga na kwingineko kwa vipimo vinavyojulikana na kila seremala. Mbao pana ya inchi 12 iliyokauka vizuri ni shida kuipata, lakini 2 kwa 6 ipo kila mahali, na mbili zikiunganishwa ubavu kwa ubavu zinatoa upana ule ule wa sentimita 29 baada ya kupigwa randa. Kiungo kinaangukia katikati ya safu mbili za mbele, mahali pasipo na shimo. Kila mchezaji anapata ubao wake.

Chagua mbao mbili zisizo na macho kwenye maeneo ya mashimo. Jicho la paina ni gumu kuliko mbao inayolizunguka. Patasi inateleza juu yake, na jicho lenyewe likikauka hung'oka na kuacha tundu. Epuka pia mbao inayotoa utomvu unaonata, kwani utaupata kwenye kete miezi yote ya joto. Piga randa mbavu mbili hadi ukizisimamisha pamoja mbele ya dirisha usione mwanga. Paka gundi nyeupe pande zote mbili, bana kwa klampu tatu, au kwa kamba na kabari za mbao kama huna klampu, na uache saa 24.

Angalia baridi. Gundi nyeupe haishiki vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi. Inakauka ikiwa nyeupe kama chaki badala ya kuwa ngozi angavu, na kiungo kinaachia kwa pigo dogo. Usiku wa Juni na Julai kule Makete, Njombe na hata Uyole unafika huko bila shida. Gundisha saa sita mchana, kisha uingize mbao ndani, jikoni ikiwezekana, lakini mbali na moto wa moja kwa moja.

Kwa kuchimba, anza na keekee yenye biti pana ya milimita 35 au zaidi uondoe nyama ya katikati kwa kina cha sentimita 2 tu. Funga kipande cha utepe kwenye biti kuonyesha mwisho, maana kutoboa hadi chini ni kosa la kila anayeanza. Malizia kwa patasi ya makali ya mviringo, ukikata kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukikata kinyume, kuelekea nje, unang'oa ukuta kati ya mashimo. Ukuta huo una milimita 10 tu, na karibu na nyumba unabaki 7.5. Paina inavunjika hapo kuliko mahali pengine. Kikivunjika kipande, usikitupe: kibandike papo hapo kwa gundi, funga kwa utepe wa karatasi, endelea na shimo jingine. Msasa namba 80 ndani ya mashimo kwa kuuzungushia mpira mdogo wa watoto, kisha 120, kisha 220. Mashimo 32 yanachosha mkono. Yagawe siku mbili ili ya mwisho yasichimbwe kwa haraka.

Paina ni laini, ukucha unaacha alama. Kete ngumu zitaitoboatoboa sakafu ya mashimo kwa vidoti vidogo. Wapo wanaochukia jambo hilo. Binafsi naliona kuwa uzuri wa bao linalotumika. Alama: 7 ukijichongea, 5 ukinunua lililochongwa kwa haraka.

Mlingoti, yaani mkaratusi, usiuguse kabisa kwa kazi hii. Unapinda kama pinde na kupasuka ukiwa bado karakana.

Mafuta na nta

Vanishi inayong'aa haifai ndani ya mashimo. Inateleza, inachubuka kwa kete, na vipande vyake vinaingia kwenye kucha. Kinachofaa ni mafuta ya kitani pamoja na nta ya nyuki: sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta kwa uzito. Gramu 50 za nta na 200 za mafuta zinatosha bao moja na akiba. Yeyusha ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya mkaa moja kwa moja, maana nta huwaka. Paka kwa kitambaa ikiwa na uvuguvugu, subiri dakika 30, futa yote iliyobaki juu. Rudia kesho yake na keshokutwa. Ncha za ubao zipake mara mbili zaidi.

Watu wengi wa Iringa wana mafuta ya alizeti nyumbani na wanashawishika kuyatumia. Hayakauki ipasavyo; bao linabaki linanata, linashika vumbi, na baadaye linanuka. Jambo jingine la kuchukulia kwa uzito: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kutupwa pamoja huweza kujipasha joto hadi kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke au uviloweke majini.

Kete

Kete za asili ni mbegu za mkomwe, mmea wa miba wa pwani. Ni za kijivu, ngumu kama jiwe, laini kiganjani, na 64 kwa pamoja hazifiki robo kilo. Huku juu hazioti, kwa hiyo agiza kwa anayetoka Kilwa, Bagamoyo au Zanzibar, na uagize 70: 64 za mchezo na sita za akiba. Kete ikipotea bao zima linasimama. Zichambue kwa ukubwa. Kubwa mno na ndogo mno ziweke kando, kwa sababu mkono uliozoea huhisi idadi kabla jicho halijahesabu, na kete zisizolingana zinaudanganya.

Golori za kioo ndizo mbadala unaouzwa zaidi. Zinang'aa, watoto wanazipenda, lakini zinateleza zikizolewa nyingi, zinaruka nje ya shimo, na zikigongana sana hupata kingo kali. Maharage makubwa ni madogo mno na hushambuliwa na wadudu. Vidonge vya udongo wa kuchoma vinapendeza mno, na wafinyanzi wa Kikisi wa ufukwe wa Ziwa Nyasa wana mkono wa kazi hiyo, ila udongo uliochomwa kwa moto mdogo unaacha unga mwekundu kwenye vidole na mashimo. Ukijaribu, finyanga vikubwa kidogo kuliko unavyotaka, kwa kuwa udongo husinyaa ukikauka na tena ukichomwa. Kokoto za mtoni zilizochaguliwa kwa subira zinashinda vyote hivi baada ya komwe. Kwenye bao la paina tu ndipo zinapoumiza mbao.

Usipake kete rangi mbili kana kwamba ni drafti. Katika bao kete haina mwenyewe. Iliyo upande wangu sasa hivi itakuwa kwako baada ya zamu moja. Rangi inamchanganya mgeni na kubanduka ndani ya wiki chache.

Kwa kuzitunza, kikapu kidogo cha milulu cha Iringa chenye kifuniko kinafaa nyumbani. Kwa safari, fuma mfuko wa uzi wa pamba kwa sindano ya milimita 4: anza na vitanzi 6 kwenye duara, ongeza 6 kila mzunguko hadi mzunguko wa tisa ufike 54, kisha panda bila kuongeza hadi kimo cha sentimita 16, na upitishe kamba juu. Uzi wa sweta hauufai mfuko huu. Unavutika kwa uzito, vitanzi vinapanuka na kete ndogo zinachungulia nje.

Bao lililochongwa wakati wa mvua Tukuyu likipelekwa Iringa mwezi wa Agosti litasinyaa, na la Njombe likishuka Kitonga kwenda Dar es Salaam litavimba. Kwa wiki mbili za kwanza liweke ndani, mbali na jua na dirisha, limesimamishwa kwa ubavu ili hewa ipite pande zote mbili. Likiegemezwa ukutani kwa uso mmoja linapinda kuelekea upande unaokauka haraka. Ukiona mstari mwembamba umeanza kwenye ncha, chukua unga wa msasa wa mbao hiyo hiyo, uchanganye na gundi nyeupe hadi uwe kama ugali laini, usukumie ndani kwa kisu, na ncha hiyo uipake nta upya siku inayofuata.